Neno la Mtaani na Ngeli Yake: Misimu ya Nyanda za Juu Kusini Inavyozaliwa na Inavyopimwa

Msafiri anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam hufika Mlima Kitonga, wilayani Kilolo, mahali ambapo barabara kuu ya TANZAM, yaani ile ya Tanzania na Zambia, inaziacha nyanda za juu na kushuka kwa kona kali kuelekea bonde la Ruaha. Kwa lori lililopakia mzigo Dar es Salaam mlima huo ni mateso ya gia nzito na injini inayochemka, lakini kwa gari linaloshuka ni mteremko mtupu, na wapo madereva ambao kwa miaka mingi wameushuka wakiwa wametoa gia ili kuokoa mafuta, jambo la hatari ambalo askari wa usalama barabarani hawachoki kulikemea. Kutoka kwenye mteremko huo lugha ya mitaani imepata neno “kitonga”, yaani kitu kinachopatikana bila jasho wala gharama. Anayependa kualikwa chakula na yeye asimwalike mtu huambiwa kuwa anapenda vya kitonga, na aliyezoea kuunganishwa intaneti ya wenzake bila kununua bando lake huambiwa vivyo hivyo.

Neno hilo ni mfano mzuri wa namna misimu, yaani maneno ya mtaani yanayozuka na pengine kupotea, inavyofanya kazi. Wengi hudhani kwamba misimu huokotwa tu, na kwamba mtu mcheshi akitamka neno la ajabu mbele ya watu wa kutosha, neno limezaliwa. Maneno yanayotamkwa kwa ucheshi ni mengi mno, na karibu yote hufa siku hiyo hiyo. Linalobaki huwa na sifa mbili: linafanya kazi ambayo hakuna neno jingine lililokuwa likiifanya kwa ufupi huo, na linakubali kuvikwa viambishi vya Kiswahili bila kulalamika. Ucheshi husaidia neno lisikike mara ya kwanza, lakini anayeliweka mjini ni sarufi. Kwa mwandishi wa mtandaoni anayetaka kubuni neno lake mwenyewe, kuijua sarufi hiyo kuna faida kuliko kuwa na kipaji cha vichekesho.

Kabla ya kubuni, hata hivyo, ni vizuri kujua namna ya kupima habari za asili ya maneno, kwa kuwa uwanja huu umejaa hadithi tamu zisizo na mashiko. Hadithi mashuhuri kuliko zote ni ile inayodai kwamba “serikali” limetokana na “siri kali”. Inapendwa kwa sababu inachekesha na kwa sababu kila mtu amewahi kukaa kwenye benchi la ofisi fulani akisubiri jibu ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulitoa. Lakini neno lenyewe ni la Kiajemi, “sarkar”, lenye maana ya mamlaka au utawala, na linatumika hadi leo huko India kwa maana hiyo hiyo. Haliwezi kuwa limeundwa kwa siri na ukali wa Kiswahili na papo hapo likawa linatumiwa na watu wa ng’ambo ya Bahari ya Hindi ambao hawajui hata neno “kali”. Kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi kitu. Ni lazima kuwe na njia ambayo neno lingeweza kupita, na wakati ambao lingeweza kupita humo, na mabadiliko ya maana ambayo mtu anaweza kuyafuata hatua kwa hatua.

Kwa kipimo hicho “kitonga” linafaulu vizuri. Mahali papo na panajulikana na kila anayepanda basi la kusini; watu wa kulibeba neno wapo, nao ni madereva, matingo na abiria wao; na kabla yake kulikuwa tayari na neno “mteremko” likitumika kwa jambo rahisi lisilohitaji nguvu, kiasi kwamba kitonga ni mteremko huo huo uliopewa jina la mahali. Mtu hahitaji kuruka pengo lolote ili kutoka kwenye mlima hadi kwenye chakula cha bure.

Kipimo cha njia na wakati ndicho kinachoeleza pia kwa nini mtoto wa Mbeya anakwenda shule na mtoto wa Unguja anakwenda skuli. Tanganyika ilitawaliwa na Wajerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, na “Schule” yao ikabaki. Zanzibar iliingia chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, ikachukua neno la Waingereza. Pamoja na shule ikaja “hela”. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha mfumo wa zamani wa rupia moja kuwa pesa 64, wakaigawa rupia katika Heller 100. Sarafu zenyewe zilikwisha zamani, na leo hakuna dukani Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, mtu anayeweza kununua hata kiberiti kwa Heller. Hata hivyo mwenye duka wa huko atasema kwamba hana hela ya chenji, wala haoni kwamba ametaja sarafu ya dola iliyokufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lililokuwa jina la sarafu moja ndogo limekuwa jina la fedha zote. Historia ya “pesa” ni hiyo hiyo, ila kwa kupitia India.

Majina ya mahali katika mikoa yetu yanaonyesha mambo haya waziwazi zaidi. Iringa ni “lilinga” ya Kihehe, yaani ngome. Mbeya huelezwa na wengi kuwa ni “ibeya”, chumvi kwa Kisafwa, kutokana na biashara ya chumvi iliyofanyika maeneo hayo. Lakini ndani ya miji hiyo hiyo kuna majina mapya yaliyoundwa kwa namna ambayo kijana anayebuni maneno leo angeitambua mara moja. Jijini Mbeya kuna Soweto, jina lililochukuliwa kutoka Afrika Kusini, ambako lilibuniwa mwaka 1963 kwa kuunganisha mwanzo wa maneno matatu ya Kiingereza yaliyomaanisha vitongoji vya kusini-magharibi. Iringa kuna Frelimo, kifupi cha jina la chama cha ukombozi cha Msumbiji. Na Mbeya kuna Mafiati, ambalo wenyeji hulihusisha na malori ya Fiat yaliyofurika katika barabara ya Zambia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake Novemba 1965 na njia ya Zambia ya kusini kuingia matatani. Mtu aliyesema Mafiati kwa mara ya kwanza hakuwa na nia ya kubuni jina la mahali. Alichukua jina la kiwanda cha Italia, akalimalizia kwa irabu kama Kiswahili kinavyotaka, akalivika “ma-” ya wingi kama anavyofanya kwa magari na maboksi, na barabara ikamaliza kazi iliyobaki.

Mbinu hii ya kuligeuza jina la kampuni kuwa neno la kawaida ni ya zamani na haijachoka. Katika miaka ya 1960 watu wakubwa waliotembelea Mercedes-Benz waliitwa Wabenzi, kana kwamba ni kabila kama Wabena au Wapangwa, na mzaha wote umo katika ile “wa-” ya mwanzo. Bajaji inatokana na kampuni ya India. Sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, nyanya na viazi hupimwa kwa sado, ambayo ni kopo la rangi la lita 4 lililopewa jina kutokana na rangi za Sadolin, jina likakatwa mkia, na sasa likajazwa chochote kinachojazika. Mama anayeuliza sado ya viazi ni shilingi ngapi hafikirii rangi hata kidogo. Huo ndio ushindi kamili wa neno, pale mtumiaji anapokuwa hana haja ya kujua lilikotoka.

Sasa tuingie kwenye sarufi yenyewe. Kiswahili hakimpokei mgeni hadi kimpe ngeli, na mara nyingine humpa kwa kumsikiliza vibaya makusudi. Waarabu walileta “kitab”, neno ambalo sauti yake ya kwanza ni sehemu ya mzizi. Waswahili wakasikia “ki-” ya kiti na kisu, wakapata vitabu. Waingereza waliandika kwenye mzunguko wa barabara agizo la kubaki kushoto, “keep left”. Madereva wakasikia kipilefti, wakapata vipilefti. Hakuna kamati iliyokaa. Simu ndogo yenye taa ikaitwa kitochi kwa njia hiyo hiyo, ila safari hii “ki-” iliongezwa kwa makusudi, na inafanya kazi mbili kwa mpigo: inaonyesha udogo wa kifaa na inakidharau kidogo. Mwanasiasa mmoja mwaka 2008 aliziita fedha nyingi za kigeni zilizohusishwa naye “vijisenti”, na kila Mtanzania aliyesikia alielewa kwamba hasira yote ya taifa ingekwenda kwenye silabi mbili za mwanzo. Senti zingepita bila kelele. “Viji-” haikupita.

Upande wa vitenzi mambo yana utaratibu wake pia, ingawa wachache huutazama. Vitenzi vya asili ya Kibantu huishia kwa “-a”: kusoma, kucheka, kulima. Vilivyotoka Kiarabu vilibaki na irabu nyingine: kujibu, kusamehe, kurudi. Vitenzi vya mtandaoni, ambavyo vingi vimetoka Kiingereza, vimeingia kwa mlango ule ule wa Kiarabu, ndiyo maana tunasema kuposti, kuchati na kulaiki, wala hatusemi kuposta au kuchata. Kutoka hapo vinapokea kila kitu. Picha imepostiwa, wapenzi wanapostiana, mtu anajiposti, rafiki amenipostia tangazo langu, na mwenye hasira anauliza kwa nini unamlaikia adui yake. Kitenzi kinachoweza kutendwa, kutendewa na kutendana kimeshakuwa raia, hata kama kamusi haijakiandikisha. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kelele za kwamba vijana wanaharibu lugha kwa kuposti na kuchati zimekosea shabaha. Kinachopaswa kutia wasiwasi ni sentensi inayoacha neno la kigeni likae utupu bila kiambishi chochote, kwa kuwa hapo ndipo mtu anakuwa amehama lugha. Akiliambisha, amelileta nyumbani.

Nyanda za Juu Kusini zina chombo kimoja cha ziada ambacho watu wa pwani hawanacho kwa wepesi uleule. Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na lugha nyingine za hapa zina ngeli hai ya udogo, “ka-” kwa umoja na “tu-” kwa wingi, na wazungumzaji wake wameiingiza katika Kiswahili chao. Kiswahili sanifu hutumia “ki-” na “vi-” kwa udogo, na walimu wa somo hili hulisahihisha “kagari” kila linapojitokeza kwenye insha. Lakini angalia kinachotokea mtu anapotaka kutaja ujumbe mfupi. Akisema kijumbe, amegongana na neno linalotumika tayari: kijumbe ni yule anayekusanya fedha za mchezo, yaani upatu, na kina mama wa mtaa mzima wanamjua. Akisema “kajumbe”, njia ni nyeupe. Akisema “nimepata tujumbe tule twa mwanzo wa mwezi”, msomaji wa Njombe au Mbozi anaona mara moja jumbe fupi zenye kusumbua za watu wanaokumbushia madeni, na hahitaji maelezo. “Ka-” ina mahaba na dharau kwa pamoja, na anayeandika ndiye anayechagua ipi itangulie, kwa maneno yanayoizunguka. Kosa la shuleni linaweza kuwa malighafi nzuri kwa mwandishi wa utani, mradi ajue kwamba ni kosa la shuleni na asilipeleke kwenye barua ya maombi ya kazi.

Mbinu yenye matunda mengi kuliko zote, hata hivyo, haiundi neno jipya kabisa. Inalichukua la zamani na kulipa kazi mpya. Mkeka ulikuwa wa kukalia. Wachezaji wa kubeti wakaanza kuita mkeka ile orodha ndefu ya mechi walizozifunga pamoja kwenye tiketi moja, na timu moja ikiwaangusha wakasema mkeka umechanika. Kisha neno likapanda cheo: orodha ya uteuzi wa viongozi serikalini inapotangazwa, watu huandika kwamba mkeka umetoka, na kila mmoja hukimbilia kuutandika kwenye skrini kutafuta jina la shemeji yake. Ubuyu ulikuwa wa kumung’unywa. Sasa ni umbea unaohusu watu maarufu, kwa kuwa nao humung’unywa taratibu na huacha rangi mdomoni. Povu lilikuwa la sabuni. Sasa ni maneno ya hasira yanayomtoka mtu mtandaoni. Maneno haya hayakuhitaji kujifunzwa. Aliyeyasoma mara ya kwanza alikuwa nayo tayari, akahitaji tu kuisogeza maana hatua moja, na usomaji wa namna hiyo humpa msomaji raha ndogo ya kugundua kitu mwenyewe.

Jozi moja inastahili kuangaliwa kwa karibu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mnyonyaji aliitwa kupe. Leo mtu anayejibanza kwa mkubwa na kumsifu ili apate riziki anaitwa chawa. Wadudu wote wawili wanaishi kwa damu ya mwingine, na kwa sura ya nje sitiari ni ile ile. Lakini kupe lilikuwa neno la kumshitaki mtu. Hakuna aliyejitangaza hadharani kwamba yeye ni kupe wa fulani. Chawa wapo wanaojitangaza, na wengine wanalichukulia kuwa ni kazi kama kazi nyingine. Neno lilipopata “u-” likawa uchawa, na hapo likawa jina la mwenendo mzima unaoweza kujadiliwa, kulaumiwa au kutetewa. Mtu akitaka kujua namna fikra kuhusu kula kwa mgongo wa mwingine zilivyobadilika nchini, jozi hii itamweleza mengi. Na damu haijaisha: mikopo ya riba kubwa inayokopeshwa kina mama wa sokoni inaitwa kausha damu, neno ambalo hakuna mwanauchumi angeweza kulitunga kwa ukali huo.

Linganisha na maneno yanayotungwa na wataalamu. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na usanifishaji wa istilahi ni sehemu ya kazi yake. Wataalamu wa lugha wametuletea maneno kama tarakilishi, lililoundwa kwa kukutanisha tarakimu na akili. Wengi bado wanasema kompyuta. Chajio na chamcha, vifupisho vya chakula cha jioni na cha mchana, vimo kwenye kamusi, lakini sijawahi kumsikia mama ntilie wa Kabwe, Mbeya, akimuuliza mteja kama amekuja kwa chamcha. Si kwamba maneno ya wataalamu hayana bahati. Kishikwambi lilipenya nchi nzima mwaka 2022, makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mikononi, na mubashara lilipenya kwa kuwa vituo vya televisheni na redio vililirudia kila jioni. Tofauti iko hapa: kishikwambi lilifika pamoja na kifaa ambacho wengi hawakuwa wamekipa jina, ilhali tarakilishi lilifika likakuta kiti kimekaliwa. Anayebuni msimu wake anapaswa kujiuliza swali hilo hilo, tena bila huruma, kama kiti kiko wazi.

Uandishi wa mkato unastahili maneno machache tu, kwa sababu umeshaanza kuzeeka. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160, na kila ujumbe ulilipiwa, kwa hiyo vijana wakaandika “cjui” wakitumia jina la Kiingereza la herufi ya kwanza, na “k2” wakitumia namba mbili kama inavyotamkwa na Mwingereza, ili wapate sijui na kitu. Huo ulikuwa ubunifu wenye sababu ya kiuchumi. “Xaxa” haukuokoa herufi hata moja, ulikuwa ni urembo mtupu, na ndio uliokuwa wa kwanza kuchosha wasomaji. Nafasi ilipoacha kuwa na gharama, mkato ulipoteza hoja yake. Alama ya reli (#), kwa upande mwingine, imebaki, kwa kuwa ina kazi ya kukusanya habari za jambo moja mahali pamoja; na kwa watu tunaoishi jirani na TAZARA, reli ya kwenda Zambia, jina hilo halihitaji picha.

Lugha zetu za asili zimekuwa zikikilisha Kiswahili muda wote. Ikulu imetoka Unyamwezi, ngeli yenyewe, istilahi ninayoitumia tangu mwanzo wa makala haya, imetoka Kihaya, na kitivo cha chuo kikuu kimetoka Upare. Kusini pia tumetoa, na mara moja tulitoa kwa dunia nzima. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wanavijiji kuzunguka Mlima Rungwe walisikia habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji, wakamtafuta, wakamwona. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi kwa sayansi, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus kipunji. Jina la Kinyakyusa ndilo lililowaongoza wataalamu hadi kwa mnyama ambaye hawakuwa wakimjua.

Kwa mwandishi wa kawaida hazina hiyo iko wazi. “Ndaga fijo”, yaani asante sana, inaeleweka na watu wengi wasiojua Kinyakyusa, na “fijo” peke yake huning’inizwa mwishoni mwa sentensi ya Kiswahili pale “sana” inapoonekana kuwa na baridi. “Kamwene” hufungua mazungumzo ya watu wa Iringa na Njombe popote walipo, na Mnyalukolo ni jina ambalo mtu wa Iringa huliitika kwa fahari akiitwa na rafiki. Hapa lakini pana mpaka. Kuchukua neno la watu na kulitumia kwa maana yake ni heshima hata kama kuna utani ndani yake; kuandika matamshi ya mtu vibaya ili achekwe si ubunifu wa lugha, na kwa kawaida hufanywa na mtu asiyejua hata maamkizi ya lugha anayoicheka.

Basi tujaribu kuunda neno moja hadharani. Wakulima wa viazi wa Makete, Njombe na Uporoto wanaijua lumbesa kwa uchungu: ni gunia lililojazwa hadi mdomo, kisha likaongezewa kichwa cha viazi vingine juu na kushonewa kwa kamba au wavu, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo na sheria wanaipiga vita, nayo bado inaonekana kwenye malori. Mtandaoni kuna kitu kinachofanana nayo na ambacho hakina jina: ujumbe unaotumwa kwa heshima zote kama habari fupi, kumbe umeongezewa juu salamu, dua, tangazo la biashara ya mtumaji na ombi la kuusambaza kwa watu wengine kumi. Kiti kiko wazi, na neno linajulikana nchi nzima. Maana inasogea hatua moja tu, kutoka mzigo uliopita kipimo hadi maandishi yaliyopita kipimo, na lawama iliyomo kwenye neno la asili inahama nalo, kwa kuwa katika hali zote mbili anayebebeshwa ziada hakuiomba.

Sarufi nayo ifuate. Kama nomino, lumbesa inakaa vizuri kwenye ngeli isiyobadilika umbo: lumbesa hii imenichosha, lumbesa hizi zimejaza simu. Ya sauti nayo ipo, ile ya dakika nane kutoka kwa mjomba, na inaweza kuitwa lumbesa ya sauti bila taabu. Kwa mtumaji nisingesema “mlumbesa”, kwa kuwa linatamkwa kana kwamba ni kabila. “Mshona lumbesa” lina picha zaidi, na linaitaja ile kamba ya juu ambayo ndiyo dhambi yenyewe. Kitenzi ndicho kigumu. Neno linaishia kwa “-a” na kwa hiyo linaalika “kulumbesa”, ambalo lingetoa “amenilumbesea asubuhi yote”, na wapo watakaoliona zito mno mdomoni na kubaki na “amenitumia lumbesa”. Binafsi naipendelea ile nzito, ila suala hilo wataliamua watu wa makundi ya mtandaoni ya wakulima wa Makete, ambao wana haki ya kwanza juu ya neno hilo na ambao, wakiona limekosea, watalikata kichwa kabla halijafika Makambako.